Mwalimu Asiyefunga Shule

Wiki niliyostaafu, walimu wenzangu wa Mikumi waliniomba niwaachie maandishi kidogo kuhusu kazi. Nadhani walitarajia niandike namna ya kufundisha sehemu kwa watoto wasiojua kugawanya, maana ndilo walilozoea kuja kuniuliza. Hilo limo kwenye madaftari yangu, kabati la ofisini, rafu ya chini. Kasomeni huko. Hapa nataka kuandika kuhusu likizo. Mwalimu Neema alicheka nilipomwambia. Akasema, "Likizo nayo inafundishwa, mwalimu?"

Inafundishwa. Mimi nilichelewa kujifunza, na aliyeumia kwa kuchelewa kwangu hakuwa mimi peke yangu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kidete. Nilishuka kwenye treni asubuhi nikiwa na sanduku la bati, godoro lililoviringishwa, na viatu vipya vilivyonibana. Mwalimu mkuu hakunipa nafasi ya kutua mzigo. Alinionyesha darasa la nne, akanipa kipande cha chaki, akasema, "Hesabu. Tutaonana saa sita." Watoto waliinuka wote wakaniamkia kwa pamoja, na mimi, kijana wa miaka ishirini na mbili, nikageuka kuangalia ni mtu mzima gani kaingia nyuma yangu.

Niliipenda kazi tangu siku ile. Nalisema hili mapema msije mkadhani haya yanatoka kwa mtu aliyechoshwa na watoto. Watoto hawakuwahi kunichosha. Shida yangu ilikuwa kengele ya mwisho wa muhula. Likizo ya kwanza ya Juni, siku ya tatu baada ya kufunga shule, nilishikwa na homa. Zahanati walinipima malaria, hawakuona kitu. Likizo ya Desemba nikaota jipu mgongoni. Iliyofuata shingo ilikakamaa hata nikawa nageuka mwili mzima kama fisi. Shule ikifunguliwa, napona. Nikaanza kuamini kwamba likizo ndiyo ugonjwa wenyewe.

Aliyenieleza vingine alikuwa Mwalimu Yustina. Alikuwa mama mfupi wa makamo, amefundisha darasa la kwanza miaka yote na kukataa madarasa ya juu kwa maelezo kwamba watoto wa huko wameshaharibiwa na walimu. Alinikuta nimekaa barazani na shingo yangu, mguu mmoja unatikisika. Mguu huo ndivyo ulivyo mpaka leo, haujui kukaa.

"Muhula mzima unakimbia," akasema, "halafu unasimama ghafla. Mwili ulikuwa unakuvizia usimame ndipo ukuambie."

"Basi nisisimame," nikamjibu.

Aliniangalia kama anavyomwangalia mtoto aliyeandika tatu kwa kuigeuza. Hakubishana nami. Yeye siku ya kufunga shule alikuwa na utaratibu wake: anafua kifutio cha ubao, anakianika dirishani, anafungia madaftari ya kazi sandukuni, na ufunguo anampa wifi yake akae nao mpaka shule ifunguliwe. Kisha anateremka mto Mkondoa kwenye bustani yake ya vitunguu. Nilimwuliza siku moja, je, akikumbuka jambo la shule katikati ya likizo? Akasema, "Nalikumbuka tu. Si lazima nilifuate." Nilimwona mama wa watu kazeeka. Mimi nilikuwa na mpango wangu, na mpango ulikuwa kutosimama.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Kilosa mjini. Nilipanga chumba mtaa wa Mabwerebwere, nikaoa hapohapo. Mke wangu, Mwanahawa, ni fundi cherehani, na nyumba yetu tangu siku ya kwanza imekuwa na vipande vya vitambaa kila unapokanyaga. Tukapata binti, Zuhura. Shuleni nikapewa hesabu za darasa la saba, na hapo ndipo mpango wangu wa kutosimama ulipopata kibali cha watu wazima. Nilianzisha masomo ya likizo. Wazazi walifurahi, mwalimu mkuu alifurahi, matokeo yalipanda. Watu wakaniita Mwalimu Asiyefunga Shule. Mtu akinisalimia sokoni kwa jina hilo nilijifanya sikulisikia ili alirudie.

Kwa yeyote aliyenitazama vizuri, dalili zilikuwepo. Sikio la kushoto lilikuwa linalia kama redio iliyopoteza stesheni. Nilisahihisha madaftari nikiwa nakula, na Zuhura alizoea kuona wino mwekundu kwenye ukingo wa sahani. Usingizi ulikuwa wa vipande. Mwanahawa akiniuliza jambo dogo namjibu kwa sauti ya darasani. Siku moja alisitisha cherehani, akasema taratibu, "Baba Zuhura, mimi nilishamaliza shule." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Katika darasa la saba la mwaka mmoja kulikuwa na msichana aitwaye Nashipai. Familia yake ni wafugaji, boma lao lilikuwa upande wa Dumila, ndani kidogo kutoka barabarani. Mjini aliishi kwa shangazi yake ili asome. Alikuwa na akili ya hesabu ambayo mwalimu hukutana nayo mara chache sana kazini. Ukiandika swali ubaoni, yeye anatazama dirishani, kisha anaandika jibu. Nilikuwa nimeshampangia maisha yake yote bila kumwuliza.

Ile Juni, wiki ya pili ya masomo ya likizo, alinifuata nje ya darasa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Sema."

"Naomba ruhusa niende nyumbani. Bibi anaumwa, na mama ametuma watu waseme niende."

Niliangalia saa yangu. Tulikuwa tumebakiza mada mbili kubwa, na niliyajua mazoea: mtoto wa wafugaji akienda nyumbani siku mbili anakaa wiki mbili. Nikamwambia, "Nashipai, bibi hana mtihani mwezi wa tisa. Wewe unao. Utakwenda tukimaliza."

Aliinamisha kichwa, akarudi kukaa. Nilikuwa na haraka, nikauona ukimya wake kuwa ni utii.

Siku ya sita tangu aniombe ruhusa, katikati ya kipindi, mwanamume mmoja alisimama mlangoni amevaa shuka, vumbi la njia limemfika magotini, pikipiki aliyokuja nayo bado inanguruma uwanjani. Alikuwa baba mdogo wa Nashipai. Alinisalimu kwa heshima zote, kisha akasema, "Nimekuja kumchukua mtoto. Bibi yake tumemzika jana."

Nashipai alifunga daftari, akaweka kalamu juu yake, akaniangalia. Hakulia mbele yangu. Akatoka na baba yake mdogo.

Nilisema "Poleni sana." Halafu nikafanya jambo ambalo sijawahi kumwandikia mtu mpaka leo. Niligeuka ubaoni nikamalizia swali. Nakumbuka lilikuwa la eneo la mraba uliokatwa pembe. Watoto wakaandika, kwa sababu mwalimu anaandika. Daftari lake lilibaki pale kwenye dawati mpaka tulipotoka, hakuna aliyethubutu kuligusa.

Shule ilifunguliwa Julai, Nashipai hakuja. Wiki ya kwanza nilijiambia ni msiba. Wiki ya pili nilimtafuta shangazi yake, akasema hana habari, na alivyosema niliona ana habari zote. Jumatatu ya wiki ya tatu nilikuwa mwalimu wa zamu. Nilisimama mbele ya mistari, watoto wakaimba wimbo wa taifa, na sauti zao zikaanza kwenda mbali, kama treni inayoondoka. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala chini ya mlingoti wa bendera na mwalimu mkuu ananipepea kwa rejista ya mahudhurio.

Hospitali walisema presha. Daktari alikuwa kijana mwenye maneno machache.

"Mwalimu, mara ya mwisho umepumzika lini?"

"Tumetoka likizo juzijuzi tu."

"Likizo ulifanya nini?"

"Nilifundisha."

Aliandika bila kuinua kichwa, akanipa dawa na wiki mbili za kukaa nyumbani. Wiki mbili zile nilizunguka uani mpaka kuku wakanikimbia. Nikikaa, naona daftari juu ya dawati. Nikisimama, naliona. Siku ya nne Mwanahawa aliacha kushona, akaja kukaa karibu yangu.

"Baba Zuhura, kuna mtu unatakiwa ukamwone, naye si daktari."

Sikuwa nimemwambia kamwe jina la mtu huyo. Nadhani Kilosa nzima ilishamwambia.

Jumamosi nilipanda basi mpaka Dumila, na kutoka pale njia panda, kwenye vibanda vya nyanya na mishikaki, nikachukua pikipiki mpaka bomani. Nilifika kabla ya saa sita mchana. Mama yake Nashipai alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Akanipa kigoda na maziwa, akasema baba mwenye nyumba yuko na ng'ombe, atarudi jioni. Watoto wadogo wakaja mmoja mmoja, wakainamisha vichwa ili niwaguse, kama wanavyowasalimu wakubwa. Nashipai alipita na dumu la maji. Hakuja kuinamisha kichwa, na mama yake hakumlazimisha.

Kwa hiyo nikakaa. Sikuwa na kalamu wala kitabu, na sikuwa na wa kuzungumza naye. Mguu ulitikisika saa nzima, ukatulia kwa muda, ukaanza tena. Sikuwa nimewahi kukaa mchana mzima bila kufanya jambo tangu nilipoajiriwa, na niliona ni haki yangu kukaa hivyo, kama mtoto aliyewekwa nje ya darasa.

Jioni ng'ombe walirudi, na mzee Lembris, baba yake Nashipai, akaja kukaa mkabala nami. Nilimwamkia, akaitika. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Kilosa. Yote yalipotea. Nikasema, "Mzee, mtoto aliniomba ruhusa aje kumwona bibi yake, nikamkatalia. Nimekuja kuomba radhi. Kosa ni langu, shule haimo."

Akamwita Nashipai, akamwambia mwalimu wako ana neno. Nikalirudia neno mbele yake. Kumwomba radhi mtoto, mbele ya baba yake, ni jambo ambalo chuo hakikunifundisha na desturi haikunizoesha. Nilisema nikiwa nimesimama.

Nashipai alitazama chini. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile aliyokuwa akitolea majibu darasani, "Mama aliniambia bibi aliuliza mara tatu kama nimefika."

Nikarudi kukaa kigodani.

Mzee Lembris ndiye aliyeendelea. "Mwalimu, tulikupa mtoto umfundishe. Hatukukupa na vitu vyake vingine. Bibi ni wake, nyumbani ni kwake. Shule ikifungwa, mtoto ni wetu."

"Nimesikia, mzee."

"Atarudi shuleni. Si kwa ajili yako. Anapenda hesabu."

Alirudi Jumatano iliyofuata, nami nilipomaliza wiki zangu mbili nilimkabidhi daftari lake. Alifanya mtihani, akafaulu, akapangiwa sekondari ya mbali. Muda wote uliobaki aliniamkia pamoja na darasa, mdomo unasema shikamoo na macho yako dirishani. Siku ya kuondoka hakuja kuniaga. Sikumwona tena. Nimesikia watu wawili wakinieleza habari zake, na habari zenyewe hazifanani. Mkisubiri niseme alikuja kunisamehe, hakuja. Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo na hilo nimekwenda nalo darasani kila siku, na sidhani limenifanya mwalimu mbaya zaidi.

Desemba ile nilifunga shule kwa mara ya kwanza. Nilidhani kupumzika ni kukaa, nikanunua kiti cha kamba nikakaa. Siku ya pili Mwanahawa akasema ninawatisha wateja. Nikaamua kwenda Kidete kumtafuta Mwalimu Yustina, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu. Nilimkuta mtoni, amepinda mgongo kwenye matuta. Nikamweleza yote, habari ya Nashipai nayo. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anang'oa magugu.

"Na sasa umekuja niseme nini?"

"Nifanyeje nikiwa likizo? Siwezi kukaa."

"Nani kakwambia ukae? Wewe Mungu hakukupa tako la kukaa." Akanitupia jembe la mkono. "Fanya kazi isiyojua jina lako. Kitunguu hakijui kama wewe ni mwalimu. Hakikusifu wala hakikuhitaji sana."

Nililima siku tatu. Nililala kama gogo. Siku ya nne homa yangu ya likizo ilikuja kama kawaida, Yustina akanichemshia uji, akasema iache ipite, nayo ikapita.

Tangu hapo nimekuwa na mambo machache ninayoyafanya, na ndiyo Neema, alipomaliza kucheka, alitaka niyaandike. Madaftari nayasahihisha yote kabla ya siku ya kufunga, hata kwa kukesha, ili nisibebe hata moja nyumbani. Siku tatu za kwanza za likizo siamui jambo lolote kubwa wala sigombani na mtu, kwa sababu anayegomba siku hizo ni uchovu. Natembea asubuhi kabla jua halijawa kali. Napima presha, kwa sababu presha haipigi hodi. Simu, tangu vije hivi vikundi vya WhatsApp vya walimu, naikabidhi kwa Mwanahawa mpaka saa kumi jioni, na akiona ujumbe wa mwalimu mkuu anaujibu mwenyewe: "Yuko shambani." Kwa miaka mingi hatukuwa na shamba. Na wiki ya mwisho ya likizo, si kabla yake, ndipo nafungua azimio la kazi la muhula mpya. Mambo haya hayanitibu. Yananifikisha Januari nikiwa mzima.

Nilihamia Mikumi miaka ya mwisho ya kazi. Ni mji wa magari yapitayo, na tembo ambao mara nyingine hawaulizi mpaka wa hifadhi uko wapi. Huko wazazi waliitisha mkutano wakitaka darasa la saba lifanye kambi likizo nzima ya Juni. Mwalimu Neema ndiye angefundisha. Ulikuwa mwaka wake wa pili kazini, na siku chache kabla ya hapo nilimkuta ofisini analia juu ya rundo la mitihani, na alipoulizwa akasema ni vumbi la chaki. Mkutanoni nilisimama nikaeleza habari za Nashipai. Sikuwa nimewahi kuzisema hadharani. Nilisema mpaka lile swali la mraba uliokatwa pembe.

Mzazi mmoja akauliza, "Lakini mwalimu, si alifaulu?"

"Alifaulu," nikasema, nikakaa.

Walijadiliana sana. Mwisho wakakubali wiki mbili za kambi na wiki mbili za watoto kukaa kwao, na mwalimu naye kwake. Nilitaka zote nne. Neema alikwenda kwao Ifakara. Aliporudi alinisalimia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aajiriwe, nikajua wiki mbili hazikupotea.

Sasa ni zamu yangu, na lazima niwe mkweli kwenu: utaratibu wangu wote ulikuwa wa likizo yenye tarehe ya kufungua. Hii haina. Januari hii shule zilipofunguliwa, niliamka alfajiri, nikanyoa ndevu, nikavaa suruali ya kazini, na nilikuwa nafunga viatu nilipokumbuka. Sikuvua. Nilitembea mpaka mwisho wa mji, pale nyasi za hifadhi zinapoanza, nikarudi. Nikatembea tena. Watoto wenye sare walinipita wakaniamkia, marahaba, marahaba, na kila marahaba iliiacha mikono yangu ikitafuta kazi ambayo haikuwepo.

Nilipoingia ndani Mwanahawa alikuwa ametandaza kitambaa cha sare sebuleni, mita nyingi za buluu, maana Januari ni msimu wake. Aliniangalia viatu, hakuuliza. Akanipa ncha moja.

"Shika hapa. Vuta kidogo. Sasa usitikisike, nisije nikakata upande."

Nikashika. Akapiga goti, akaanza kukata, mkasi unakuja polepole kuelekea kwangu, na mimi nimesimama katikati ya nyumba yangu saa mbili asubuhi, natumia nguvu zote nilizo nazo kutotikisika.